Mwenzako wa jeshini akitangulia: daftari, tranka na kaburi, kwa watu wa Kusini

Askari akitangulia, jina lake halipotei kwa sababu watu wameacha kumpenda. Linapotea kwa vitu vidogo ambavyo siku ya msiba hakuna aliyeviona vya maana: namba ya jeshi ambayo haikunakiliwa popote, picha isiyo na majina nyuma, tranka lililoachwa sakafuni mpaka kitako kikaliwa na kutu, kaburi lililojengewa haraka haraka likapasuka katikati masika ya kwanza. Baada ya miaka kumi mtoto wake anauliza baba alikuwa kikosi gani, na nyumba nzima inatazamana.

Mtwara na Lindi tuna wengi wa kuwakumbuka. Mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, uko mlangoni kwetu. Nachingwea ndiko wapigania uhuru wa Msumbiji, wale wa FRELIMO, walikopata mafunzo. Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, yako makaburi ya mashujaa, wamelala humo askari wa jeshi letu, JWTZ, waliofia Msumbiji miaka ya 1980. Wako waliokwenda Kagera mwaka 1978 wakafika mpaka Kampala, na wako vijana wa juzi waliovaa bereti ya bluu ya Umoja wa Mataifa. Makala hii ni kwa yule aliyebaki: uliyelala naye hanga (bweni la askari) moja, ukapokezana naye lindo, ukala naye sahani moja. Unataka kumfanyia jambo la maana na hujui uanzie wapi. Anza na daftari.

Kaunta buku la kwaya mbili linatosha. Tumia kalamu ya wino ya kawaida, nyeusi au bluu. Kalamu za rangi zile nene huvuja upande wa pili, na kwa unyevu wa pwani maandishi yake hutawanyika. Ukurasa wa kwanza uwe wa mambo makavu tu, kila jambo mstari wake: jina kamili kama lilivyoandikwa jeshini, namba ya jeshi (kwa askari ni ile inayoanza na MT), cheo cha mwisho, mwaka na mahali alipoanzia depo (mafunzo ya kuruti), kama alipitia JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) basi na jina la operesheni yake, yaani kundi la vijana alioingia nao, vikosi alivyopita kwa mfuatano, tarehe na mahali alipofia, na mahali alipozikwa. Usiogope kuacha mstari mtupu. Mstari mtupu unamwambia atakayelishika daftari baadaye nini bado kinatafutwa. Mstari uliojazwa kwa kubahatisha unampoteza.

Kwenye jina, tulia kabisa. Kijana wa Kimakonde, Kimakua au Kiyao anaweza kuwa na jina la kuzaliwa, jina alilotoka nalo jandoni, jina la ubatizo au la madrasa, na jina ambalo mwalimu mkuu aliandika kwenye cheti cha darasa la saba. Jeshini akaingia kwa moja kati ya hayo, na jina la babu likageuzwa kuwa la ukoo. Hapo ndipo mambo mengi yanapokwama: cheti cha kifo kina jina hili, barua ya jeshi ina lile, kadi ya benki ina la tatu, na mjane anarudishwa kwenye kila dirisha. Andika majina yote, na kando ya kila jina andika nani alikuwa akimwita hivyo. Kama karatasi za mirathi zimegoma kwa sababu hiyo, dawa yake huwa ni hati ya kiapo ya kuthibitisha majina, inayoapwa mbele ya wakili au hakimu. Wewe uliyehudumu naye unaweza kuwa shahidi mzuri kuliko hata binamu yake.

Baada ya ukurasa huo, tafuta waliobaki. Hii ndiyo kazi kubwa na ndiyo isiyongoja. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa vita vya Kagera alizaliwa 1958. Wenzake wanaondoka kila mwaka, na kila anayeondoka anaondoka na kurasa zake. Waulizie kwa wastaafu wa Tanzania Legion (chama cha askari wastaafu), kwenye misiba ya wanajeshi wastaafu, kwenye foleni za pensheni. Ukimpata mmoja, mwambie akutajie wawili.

Ukikaa naye, usimuulize "ilikuwaje vitani?" Swali hilo ni pana, utajibiwa "ilikuwa kazi", halafu kimya. Uliza vitu vinavyoshikika. Depo mlilala wangapi hanga moja? Kitanda chake kilikuwa upande gani wa mlango? Mchakamchaka nani alikuwa akianzisha nyimbo? Kwenye kwata alikosea mguu gani? Zamu ya lindo aliichukia ipi? Barua za nyumbani alijisomea au alisomewa, na nani alimwandikia majibu? Mshahara wa kwanza alinunua nini? Mzee anayejibu kitanda kilikuwa upande gani, mara nyingi habari nyingine zinamjia zenyewe, na ukiwa na subira atafika hata kule ulikotaka kumpeleka.

Miaka ndiyo inayosumbua zaidi, maana watu hawakumbuki tarehe, wanakumbuka matukio. Mpe vigingi vya kufungia. Ilikuwa kabla au baada ya Msumbiji kupata uhuru, Juni 1975? Kampala ilipoangushwa, Aprili 1979, yeye alikuwa wapi? Mwalimu alipomkabidhi nchi Mzee Mwinyi mwaka 1985, mlikuwa kambi gani? Habari za kifo cha Samora Machel, Rais wa Msumbiji, Oktoba 1986, mlizisikilizia wapi, kwenye redio ya nani? Mwalimu alipofariki, Oktoba 1999? Na kwa wa karibuni: mlipokuwa mkienda likizo, Rufiji mlivuka kwa pantoni au daraja la Mkapa lilikuwa limeshafunguliwa, yaani 2003? Vigingi viwili vikikutana, mwaka unajitokeza wenyewe.

Wahoji mmoja mmoja kwanza, kisha waweke pamoja. Ukianza na kikao cha pamoja, mwenye sauti kubwa au mwenye cheo cha juu ndiye atakayesimulia, na aliyekuwa kuruti atakubali kila neno kwa "ndiyo afande" hata miaka arobaini baada ya kuvua gwanda. Wakipishana, usiamue wewe. Andika: fulani anasema hivi, fulani anasema vile.

Rekodi kwa simu, lakini omba ruhusa kabla hujaitoa mfukoni. Ukikubaliwa, iweke kwenye hali ya ndege ili asipigiwe mtu katikati ya maneno. Usiilaze juu ya meza ya mbao tupu, kila kikombe kikiguswa utasikia mshindo. Kunja kanga, ilaze juu yake, umbali wa sentimita 40 hivi kutoka kinywani mwa mzee. Rekodi dakika moja, sikiliza, ndipo uendelee. Chini ya mwembe ni pazuri ila upepo wa alasiri unaharibu. Geuza mgongo wako uukinge. Chini ya bati wakati wa mvua usijaribu kabisa. Saa moja ya sauti huchukua kati ya MB 30 na 60 kwenye simu nyingi, kwa hiyo kagua nafasi kabla hujatoka nyumbani. Ukimaliza, lipe faili jina la msimuliaji na tarehe siku hiyohiyo, na ukilituma kwa WhatsApp litume kama dokumenti, ndipo jina litabaki. Sauti zilizotumwa ovyo kwenye kundi hufa na simu.

Mzee akifika kwenye kifo chenyewe na mikono ikaanza kutetemeka, au akanyamaza akitazama chini, acha. Zima rekoda. Kaa naye, mnywe chai, muongelee mikorosho. Atarudi mwenyewe siku nyingine, na asiporudi ni haki yake. Usimwache peke yake jioni ile ukakimbilia basi; hakikisha yuko mtu wa nyumbani mwake anayejua mlichokuwa mkizungumza.

Kuna visivyoandikwa. Silaha zilizoko sasa, idadi ya askari, mpangilio wa kambi, namna ya mawasiliano, majina ya walioko kazini na wako wapi: hayo yaache, hata kama yanaonekana ya kawaida. Kambi haipigwi picha, hata geti lake. Karatasi yenye mhuri wa SIRI ukiikuta kati ya vitu vya marehemu, usiinakili wala usiisambaze, irudishwe kikosini.

Sare ndiyo inayowaponza wengi kwa mapenzi. Mama anataka abaki na kombati ya mwanawe, aitundike ukutani. Moyo wake uko sahihi, lakini sheria zetu zinakataza raia kuwa na sare za jeshi au kuzivaa, na Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 wenye mavazi hayo, hata yanayofanana nayo tu, wayasalimishe. Mwenzako ungependa akumbukwe, hungependa mdogo wake akamatwe na koti la mabaka kwenye bodaboda. Kaa na mama mweleze pole pole, msindikize kikosini, kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya mtaa, na muombe maandishi ya kupokelewa. Hiyo karatasi ya kupokelewa iingie kwenye daftari. Kinachobaki nyumbani ni vitu vyake mwenyewe: barua, msahafu au Biblia, redio, saa, kitambaa cha mkononi, picha, na tranka.

Tulitazame tranka lenyewe. Ni la bati, la kijani, kifuniko kimebonyea pembe moja, na juu yake herufi nyeupe zilizoandikwa kwa brashi: cheo, namba, jina. Rangi imebanduka, tarakimu ya tatu haijulikani kama ni 3 au 8. Usiisugue, na usipitishe rangi mpya juu ya ile ya zamani. Ngoja usiku, zima taa, shika tochi ya simu pembeni kabisa mwa kifuniko, mwanga ulale sambamba na bati. Rangi ikibanduka huacha ukingo mwembamba pale ilipokuwa imeishia, na chini yake bati halikupata kutu kama lilivyopata pembezoni. Kwa mwanga wa ubavuni ukingo ule unatupa kivuli na tarakimu inasomeka. Piga picha tatu: tochi ikiwa kushoto, kulia, na upande wa juu. Mara nyingi namba iliyotafutwa kwa miezi hupatikana hapo.

Kutu ya tranka huku kwetu inapanda kutoka chini, maana sakafu inatoa unyevu na hewa ya bahari ina chumvi. Lipandishe juu ya matofali manne na uliache mbali na ukuta kiasi cha kiganja, uweze kuona njia ya mchwa ikianza kupanda. Kagua kila mwezi. Mchwa wa Kusini hawahitaji miezi miwili kumaliza barua zote. Kitako kisugue kwa brashi ya waya mpaka kutu legelege itoke, kisha kipanguse kwa kitambaa kilicholowa maji yasiyo na chumvi. Wengi wanaruka hatua hiyo na kupaka mafuta moja kwa moja, wakiifungia chumvi ndani, na kutu inaendelea kula chini ya mafuta. Anika juani saa nzima, halafu paka mafuta ya cherehani kwa wembamba. Kifuniko chenye maandishi ni kitambaa laini kikavu tu. Ndani tandika kitambaa cha pamba cheupe kilichofuliwa, kama marekani au bafta. Gazeti usitandike, linageuka njano na kuambukiza kila karatasi inayogusana nalo.

Barua na vyeti vya zamani usivipeleke kuwekewa nailoni ya moto, ile lamineshoni. Joto linaweza kuharibu wino, gundi haitoki tena, na unyevu ukipenya pembeni unabaki umefungiwa humo. Vitie kwenye bahasha za karatasi, kila barua bahasha yake, zikiwa zimekunjuliwa.

Picha zina adui mwingine: albamu zenye kurasa za gundi na nailoni. Baada ya miaka michache ya joto la Mtwara, picha na nailoni vinakuwa kitu kimoja. Iliyokwisha kugandia, au iliyogandia kwenye kioo cha fremu, usiibandue. Utabakiwa na uso kwenye kioo. Ipige picha hapohapo ilipo, kupitia kioo, ukiwa umesimama kivulini karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera, na nguo nyeusi nyuma yako isije sura yako ikatokea kwenye kioo. Ukiwa na skana ya stesheneri, waambie waiweke dpi 600 (nukta kwa inchi) kwa picha ndogo za saizi ya posta kadi na chini yake. 300 hazitoshi kuona beji. Majina yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli, ukibonyeza kidogo sana, pembeni. Biro hutokeza upande wa mbele. Anza kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kwanza, na asiyejulikana aandikwe "hajulikani", asirukwe. Nakala ziwe sehemu tatu: kwenye simu yako, kwenye flashi kwa mjane wake, na moja mbali na nyumba zote mbili.

Familia za waliofia ulinzi wa amani, kama wale saba waliouawa Darfur tarehe 13 Julai 2013, au waliofia Semuliki huko Kongo tarehe 7 Desemba 2017, wana kitu kingine cha kutunza. Umoja wa Mataifa huwapa waliofia kazini medali ya Dag Hammarskjöld, kipande cha kioo chenye umbo la yai, kimechongwa jina na tarehe. Kioo cha namna ile kinakusanya jua kama lenzi, kwa hiyo kisikae dirishani juu ya kitambaa, kinaweza kuunguza. Medali za shaba zipanguswe kwa kitambaa kikavu tu. Dawa za kung'arisha zinazitafuna herufi kidogo kidogo.

Ukienda kwa mjane, usiende peke yako na usiende ghafla. Tanguliza salamu kwa mjumbe au kwa shangazi wa marehemu, ufike na mke wako au dada yako. Shemeji, poleni, ndiyo ya kwanza hata kama ni mwaka wa saba. Keti, ulizia watoto, na ziara ya kwanza usitoe daftari wala simu. Usiahidi pesa wala ajira kwa kijana wake ukiwa huna uhakika. Ahadi ya jirani inasahaulika, ya mwenzake na mumewe haisahauliki. Na mwonye juu ya matapeli. Wanakuja na orodha, wanataja vita, wanasema kuna malipo ya mashujaa yametoka na inatakiwa ada ya kufuatilia. Jibu liwe moja: hakuna anayepewa hela kufuatilia haki yake, twende wenyewe kikosini na karatasi zetu. Nimesema twende kwa makusudi. Mjane aliyesindikizwa na mwenzake na marehemu husikilizwa mapema zaidi.

Sasa kaburi. Kama mwenzako amelala Naliendele au makaburi mengine ya mashujaa, kazi yako ni kuzuru kwa ruhusa. Jeshi ndilo linalotunza. Usipake chokaa, usibadili kibao, usipande kitu. Herufi ikiwa imekosewa kwenye jina, andika barua na uambatanishe ushahidi, ndipo ukurasa wa kwanza wa daftari utakapokufaa.

Kaburi la nyumbani ni la ukoo na la dini yake kabla halijawa la marafiki. Kwa Mwislamu, waulizeni masheikh wa pale. Wengi watawaambia udongo uinuliwe shibiri moja, mawe pembeni na jiwe kichwani, basi. Msiwalazimishe vigae kwa sababu mmechanga. Zile hela zikiwa nyingi zichimbie kisima au zilipe ada za watoto kwa nia yake. Kwa Mkristo wa Ndanda au Masasi, ambako zege na msalaba vimezoeleka, hesabu ni hii.

Subiri masika moja yapite juu ya kaburi. Udongo wa kujazia hushuka, na zege lililomwagwa kabla haujashuka hubaki halina kitu chini yake katikati, likavunjika kama ubao uliowekwa juu ya mawe mawili. Wakati mzuri ni Septemba mpaka mwanzo wa Novemba, kabla ya mvua. Tatizo ni kwamba hela za mnada wa korosho zinaanza kuingia wakati huohuo na mafundi nao wanakuwa adimu, basi wekeni michango kidogo kidogo kuanzia Julai na mkamate fundi mapema.

Bamba la mita 2 kwa sentimita 90, unene sentimita 10, linataka zege la 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kwa ndoo za lita 20, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unakwenda na mchanga ndoo tatu na nusu na kokoto ndoo saba. Bamba lenyewe litakula mfuko mmoja na kidogo. Ukiongeza tofali za pembeni, lipu na msalaba, nunua mitatu. Nondo za milimita 8 nunua mbili ndefu: vipande vitano vya mita 1.9 kwa urefu, vipande kumi vya sentimita 80 kwa upana, kila sentimita 20. Ziinue kwa vipande vya zege vya unene wa sentimita 4. Fundi atakuambia atazivuta juu kwa mkono wakati wa kumwaga. Usikubali, zitabaki chini, na kutu ikizifikia zinavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Mchanga wa ufukweni hautumiki, hata ukioshwa mara moja, kwa sababu ya chumvi hiyohiyo. Maji lita 25 kwa mfuko, na yapungue mchanga ukiwa umelowa. Zege la kumiminika kama uji linapendeza kulisawazisha ila halina nguvu.

Baada ya kumwaga, siku saba za kumwagilia ndizo zinazorukwa, hasa Newala na Tandahimba juu ambako dumu la maji ni la kununua. Funika kwa magunia yaliyolowa, juu yake nailoni, kandamiza kwa mawe pembeni. Hapo dumu moja kwa siku linatosha. Bila nailoni utahitaji mawili na bado jua litakushinda.

Maandishi ya rangi hayamalizi miaka mitatu kwenye jua letu. Chonga kwenye marumaru au terazo, na kabla fundi hajagusa patasi mpe karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa, isainiwe na mtu wa ukoo aliyeisoma kwa sauti. Jina, cheo, tarehe mbili, na kama ukoo unataka, neno ASKARI au JWTZ. Mistari minne inatosha. Bamba likijazwa maneno, herufi zinakuwa ndogo na hazichongeki kwa kina.

Tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa. Kitaifa Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, na wengine shada la maua, upinde na mshale, na shoka. Nyumbani hamhitaji hayo. Kumbukeni tu kwamba Julai ni msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho na watu wanaamkia mashambani alfajiri, kwa hiyo shughuli ya asubuhi mtaifanya wachache. Wekeni baada ya alasiri. Fyekeni kaburi siku mbili kabla, kagueni nyufa, zibeni zile nyembamba kama unywele kwa saruji laini kabla mvua hazijaziona. Kwa watu sitini, wali wa nazi ni mchele kilo 11, nazi 16 hadi 18 kwa ukubwa wake, na samaki au nyama kilo 9. Kisomo au sala kwanza, chakula baadaye, na katikati yake nafasi ya wenzake.

Nafasi hiyo isizidi nusu saa. Mmoja asome kisa kimoja kutoka kwenye daftari, kifupi, kile cha barua au cha mshahara wa kwanza, si cha risasi, maana watoto wanasikiliza. Kisha yasomwe majina ya wote wa platuni ile waliokwisha kutangulia, pole pole, na anayesoma awe ameyapitia jana yake na mtu anayejua kuyatamka. La mwenzenu liwe la mwisho, lisomwe la jeshini kwa cheo chake, na la jandoni liunganishwe hapohapo. Mama yake pengine hajawahi kusikia yote mawili yakitajwa na mtu mmoja.